Upanga wa Kiayalandi bila pete yake

Kila nikiingia makumbusho ya taifa pale Kildare Street, Dublin, miguu hunipeleka kwenye panga za karne ya 15 na 16. Kutu imezila, maana nyingi za aina hii ziliopolewa mitoni na ziwani, lakini kitako cha mpini unakitambua toka mlangoni: pete, wazi katikati. Sogea karibu. Utaona ulimi wa chuma unaotoka kwenye bapa umepita ndani ya mpini mzima, ukakatiza uwazi wa pete, ukafuliwa kwa nyundo upande wa pili usichomoke. Fundi aliiacha kazi yake wazi ionekane.

Sasa tazama kinachouzwa mtandaoni. Wanachukua upanga wowote wa Ulaya wenye kitako kilichojaa, wanachonga mafundo ya Kiselti, bei inapanda. Kwangu mimi huo ni udanganyifu. Wengine huweka pete, ila ni pambo tu, ulimi haufiki humo.

Upanga wangu wa kwanza, wa mazoezi ya kikundi chetu cha kuigiza wapiganaji wa kale, niliununua kwa wauzaji wa namna hiyo. Tangazo lilisema ni wa kupigania. Siku ya tatu ya mazoezi mpini ukaanza kucheza mkononi. Tulipofungua ngozi tukakuta fimbo nyembamba kama kalamu, imechomelewa kwenye bapa, na pale pa kuchomelea pana ufa. Nusura bapa limrukie mwenzangu usoni. Tangu hapo sikubali upanga ambao bapa na ulimi si chuma kimoja, tena chuma cha springi, makali butu ya unene wa milimita 2 hivi na ncha ya mviringo. Na uzito usinizidi kilo moja na nusu, kwa sababu hata panga halisi za wakati ule hazikuwa nzito kama watu wanavyodhani.

Jambo jingine linaloniuma ni kuchanganya nyakati. Mwaka 1259 Aodh Ó Conchobair wa Connacht, magharibi mwa Ayalandi, alioa binti wa Dubhghall mac Ruaidhrí wa Hebrides, visiwa vya magharibi mwa Skotilandi, na bibi harusi akaja na wapiganaji 160. Hao ndio gallóglaigh, askari wa kukodiwa kutoka visiwa hivyo, wanaopendwa sana kuigizwa, na silaha iliyowapa sifa ni shoka refu. Panga za pete ni za wajukuu wa wajukuu wao. Kijana wa kikundi chetu anayeigiza msafara ule wa harusi alikuja na upanga wa pete, mzuri kweli. Tulimwomba auweke kwa ajili ya onyesho la karne ya 16, tukampa shoka.