Hatua ya tano

Ofisi yetu ilikuwa imenuna. Sio kwamba watu wanagombana, yaani bora hata wangegombana, ilikuwa ni ile heshima iliyopitiliza. Dada wa uhasibu na kaka wa stoo meza zao zimegusana kabisa lakini wanaandikiana barua pepe, na mimi bosi nimewekwa kwenye nakala, "naomba umkumbushe mhusika alete hati za mapokezi", mhusika mwenyewe huyo hapo, akipiga chafya anamlowanisha. Ukiuliza kuna nini unajibiwa, "Hamna kitu bosi, tuko poa."

Kilichonitisha zaidi ni yule dada kwenye vikao. Kila mtu anasukuma kiti chake hadi meza kubwa, yeye anaanza amekaa wima vizuri, halafu dakika zinavyokwenda anazama, anazama, mpaka mwisho unaona macho tu juu ya meza. Na mimi si nimesoma mambo ya lugha ya mwili bwana, nikaandika kwenye daftari: amejitenga kihisia.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikasema huu mshindo niuwahi. Nikaitisha kikao, na slaidi juu. Nikawaletea Bruce Tuckman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1965 kwamba kikundi kinapita hatua nne: kujuana, kuvutana, kuzoeana, ndo kazi inaenda. Kwenye kuvutana nikaweka picha ya radi, nikanyamaza, nikawaangalia kwa upole wafunguke.

Wapi! Feni inalia kwi kwi kwi, kijana wa kompyuta anabandua lebo ya chupa ya maji taratibu kama anafanya upasuaji.

Sasa mimi kimya kikizidi naropoka. Nikachomekea kitu ambacho hata kwenye slaidi hakikuwepo: "Halafu mwaka 1977 Tuckman na mwenzake Jensen wakaongeza hatua ya tano, timu inavunjwa, kila mtu anashika njia yake."

Chupa ikaanguka.

"Kumbe ndo ulikuwa unatuzungusha huko," kaka wa stoo akasema. "Taja tu tarehe bosi."

Dada wa uhasibu, keshazama nusu, akauliza kiinua mgongo kinapigwa kwa mshahara upi. Nikasema jamani hii ni nadharia tu, kijana wa kompyuta akasema ndo wanavyoanzaga hivyohivyo.

Basi wakaona kama safari imefika, siri za nini tena. Dada akamgeukia kaka: "Kabla sijaondoka naomba kiti changu. Nimeenda likizo ya uzazi nimerudi nakuta umekikalia, mimi nimeachiwa hiki kinashuka chenyewe!" Kaka akaruka, "Dada yangu, mimi niligawiwa na watu wa utawala wakaniambia wewe umechagua hicho, nikajua ndo maana hunisalimii, unaringa!" Akasimama, akamsukumia kiti hapohapo mbele ya radi yangu. Na mimi kimyakimya nikachana ule ukurasa wa kujitenga kihisia.

Nikajua yameisha. Kumbe hatua ya tano ilishashuka ngazi, maana mkuu wa idara ya jirani huyo mlangoni na tepu ya kupimia, uso wa msibani kabisa, "Poleni sana jamani, nimesikia. Eti, hivi viti mnaviacha?"

"Hatuachi!" wakajibu dada na kaka kwa pamoja.