Homoni za vijana zisigawanywe kwa kreatinini pekee

Mwezi wa Oktoba hapa Tabora, mvua zikiwa bado hazijaanza, mkojo wa asubuhi wa mwanafunzi wa bweni huwa umekolea kama chai ya rangi. Mkojo wa mwanafunzi huyo huyo ukichukuliwa Februari unaweza kuwa mweupe karibu na maji. Homoni zilizopimwa katika sampuli hizo mbili zitatofautiana hata kama mwili wake umetoa kiasi kile kile, kwa sababu kilichobadilika ni maji. Kwa hiyo kila anayepima homoni za balehe kwa njia ya mkojo hulazimika kurekebisha kwanza athari ya maji.

Njia iliyozoeleka ni kugawanya kiwango cha homoni kwa kiwango cha kreatinini. Kwa maoni yangu, njia hii ikitumiwa peke yake kwa vijana balehe inapotosha. Kreatinini ni taka inayotokana na misuli na kutolewa kwenye mkojo, na mtu mzima mwenye afya huitoa kwa kiasi kisichobadilika sana siku hadi siku, ndiyo maana huchukuliwa kuwa kipimo cha jinsi mkojo ulivyokolea. Lakini kijana anayebalehe anaongezeka misuli mwaka hadi mwaka, na wavulana huongezeka zaidi ya wasichana. Tuchukue mfano wa kubuni: msichana wa miaka 11 ana nanogramu 30 za homoni na miligramu 0.6 za kreatinini katika kila mililita ya mkojo, na akifika miaka 15 homoni ni 30 ile ile ila kreatinini imefika 1.2. Uwiano wake umeshuka kutoka 50 hadi 25, na mtafiti ataandika kwamba homoni imepungua kwa nusu, ilhali kilichotokea ni kwamba mtoto amekua.

Lishe nayo huingilia. Nyama iliyopikwa huongeza kreatinini ya mkojo, hivyo kijana wa familia ya wafugaji na mwenzake anayeshindia matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) hawalingani hata kama wana umri mmoja. Mtoto aliyedumaa, kwa kuwa misuli yake ni michache, ataonekana ana homoni nyingi kuliko alizonazo.

Mimi napendelea uzito mahsusi, yaani uzito wa mkojo ukilinganishwa na wa maji safi ya ujazo ule ule. Refraktometa ya mkononi haihitaji umeme: unadondosha tone moja juu ya kioo chake, unaielekeza kwenye mwanga, kisha unasoma pale mpaka wa buluu na nyeupe unapokata kipimo. Kinachotumika katika hesabu ni sehemu za elfu zinazozidi 1, yaani 1.020 ni 20 na 1.010 ni 10. Tukichukua 1.020 kuwa kiwango cha rejea, sampuli yenye homoni 20 na uzito wa 1.010 huzidishwa kwa 20 na kugawanywa kwa 10, nayo inakuwa 40. Yenye homoni 60 na uzito wa 1.030 huzidishwa kwa 20 na kugawanywa kwa 30, nayo pia inakuwa 40. Sampuli mbili zilizoonekana kupishana mara tatu kumbe zinasema jambo moja.

Njia hii nayo ina mipaka yake. Sukari na protini huongeza uzito wa mkojo, na katika maeneo ya mabonde ya mpunga, ambako kichocho cha mkojo si kigeni, ni busara kupima kama mkojo una damu na protini kabla ya kuamini namba hiyo. Hatari kubwa zaidi, kwa mtazamo wangu, iko kwenye mkojo uliozimuliwa mno. Uzito ukiwa 1.002 unazidisha homoni mara 10. Jicho likikosea kidogo tu ukasoma 1.001, unazidisha mara 20. Ndiyo sababu siungi mkono ushauri wa kuwanywesha vijana maji mengi kabla ya kuchukua sampuli, ushauri unaotolewa kwa nia njema lakini unaoharibu kipimo chenyewe.

Mkojo wa kwanza wa asubuhi unafaa zaidi, na si kwa sababu ya kukolea tu: mwanzoni mwa balehe, homoni ya LH, inayochochea ovari na korodani, huanza kuongezeka usiku kijana akiwa usingizini, kwa hiyo sampuli ya saa nane mchana inaweza kuikosa kabisa.

Ninachowaomba watafiti wanaokuja kwenye shule zetu ni kuandika namba zote tatu kwa kila kijana, yaani homoni kabla ya kurekebishwa, uzito mahsusi na kreatinini, pamoja na umri na jinsia yake. Sampuli iliyo chini ya 1.003 isirekebishwe kwa hesabu. Kijana aombwe nyingine asubuhi inayofuata.