Klabu ya roboti: ni ya mwalimu au ni ya shule?

Katika vikao vya wazazi na walimu jijini Mwanza, suala la klabu za roboti huibuka kwa sura mbili. Wapo wanaouliza kwa nini shule isitenge hata alasiri moja kwa wiki kwa vijana wanaojifunza kuunda mashine inayojiendesha, na wapo wanaouliza kwa nini muda na fedha za wanafunzi elfu moja zielekezwe kwa wanafunzi kumi na wawili. Maswali yote mawili ni halali, na mjadala wetu umekuwa ukikwama kwa sababu kila upande hujibu swali lake na kuliacha la mwenzake. Nikiyapima yote mawili, naona kwamba mara nyingi shule haikosei pale inaposhindwa kununua vifaa. Hukosea pale inapoiacha klabu iwe mali ya mwalimu mmoja, kisha ikaitazama inavyokufa mwalimu huyo anapohamishwa.

Tuanze na hoja ya wakuu wa shule, kwa kuwa ni nzito kuliko wapenzi wa roboti wanavyopenda kukiri. Kiwango cha ruzuku kwa mwanafunzi wa sekondari ya serikali kimekuwa shilingi 25,000 kwa mwaka. Fedha hizo zinatarajiwa kugusa vitabu, chaki, karatasi, mitihani ya ndani, ukarabati na mahitaji ya maabara. Seti moja ya roboti ya LEGO inayotumiwa na timu nyingi duniani huuzwa kwa zaidi ya dola 350 kabla ya usafirishaji na kodi, na timu haiwezi kufanya mazoezi bila kompyuta mpakato. Tangu ada ilipoondolewa Januari 2016, mkuu wa shule hawezi kusimama mbele ya wazazi na kuwatoza mchango kwa hiari yake, na akifanya hivyo bila kibali ataitwa kujieleza. Zaidi ya hayo, yeye hupimwa kwa matokeo ya mitihani ya taifa ya NECTA. Hakuna afisa elimu anayemuuliza kwa nini shule yake haina klabu ya roboti, lakini atamuuliza, tena mbele ya wenzake, kwa nini waliopata sifuri wameongezeka. Katika shule ya kata yenye darasa la wanafunzi zaidi ya sabini na mwalimu mmoja wa Fizikia, kumwondoa mwalimu huyo kwenye masomo ya ziada ili akae na vijana wachache ni uamuzi wenye gharama halisi, na anayeulipia ni mtoto aliyebaki darasani.

Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba yanayofanyika kwenye klabu ni kitu kingine kabisa na yanayofundishwa darasani, na hapo ndipo inapopungua nguvu. Chukua roboti rahisi ya magurudumu mawili, yenye bodi ndogo ya saketi, mota mbili na kihisi cha mawimbi ya sauti kinachopima umbali wa kitu kilicho mbele. Vijana huiunganisha, wakaipakia programu, wakaijaribu ikiwa imeinuliwa juu ya meza, ikafanya kazi. Wakiiweka sakafuni inasogea kidogo, inasimama, taa ya bodi inazimika na kuwaka, kisha programu inaanza upya tangu mwanzo. Kwa kawaida wa kwanza kulaumiwa ni aliyeandika programu, naye hupoteza alasiri nzima akisoma mistari yake ambayo haina kosa lolote. Tatizo liko kwenye betri: mota inapoanza kuzunguka ikiwa na mzigo huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla, volti zinashuka kwa sababu ya ukinzani wa ndani ya betri, na bodi inayotegemea betri hiyo hiyo inakosa nguvu na kujizima. Dawa yake ni kuipa bodi betri yake na mota betri zake, huku waya hasi za pande zote mbili zikiunganishwa pamoja. Hii ni mada ya umeme wa mkondo, na iko kwenye Fizikia ya sekondari. Tofauti ni kwamba darasani mwanafunzi huikariri fomula, ilhali hapa ameiona ikimwangushia kazi yake, akaitafuta kwa voltimita na kuipata. Kihisi nacho humlazimisha kukumbuka kwamba sauti husafiri hewani kwa takribani mita 343 kwa sekunde, na kwamba umbali lazima ugawanywe kwa mbili kwa kuwa mwangwi huenda na kurudi. Nani atasema huyu anapotezewa muda wa mtihani?

Lakini si kila klabu hufika hapo, na upande unaozitetea unapaswa kulisema hili bila kuzunguka. Zipo timu ambazo hupewa seti ya msaada, zikafuata kitabu cha maelekezo hatua kwa hatua, zikapiga picha na mgeni rasmi, na mwaka ukaisha bila mwanafunzi hata mmoja kuweza kueleza kwa nini roboti inakata kona. Njia ya bei nafuu zaidi ipo. Bodi za Arduino zilianzishwa mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa ubunifu ambao hawakuwa wahandisi, na kwa kuwa michoro yake ni huria, nakala zake huuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi tu. Mota hupatikana kwenye printa mbovu, na fundi wa redio wa mtaani anaweza kumfundisha kijana kulehemu vizuri kuliko video yoyote. Njia hii, hata hivyo, inadai zaidi kwa mwalimu: seti ghali huja na masomo yaliyopangwa, ilhali vifaa vya kuokoteza vinahitaji mtu mzima anayejua kutafuta hitilafu na mwenye muda wa kukosea pamoja na wanafunzi. Kinachookolewa kwenye fedha kinalipwa kwa saa za mwalimu, na shule inayosifu ubunifu wa kutumia vifaa vya bei poa bila kumpunguzia mwalimu vipindi imemhamishia tu gharama.

Mwalimu huyo ndiye kiini cha jambo lote. Katika shule nyingi klabu huanza kwa sababu amekuja kijana mmoja kutoka chuoni mwenye moyo. Anatumia kompyuta yake, bando lake na Jumamosi zake. Barua ya uhamisho ikifika, anakabidhi vitabu vya somo, anakabidhi maabara, lakini klabu haipo kwenye orodha ya makabidhiano kwa sababu haikuwahi kuandikwa popote. Nimewahi kufunguliwa kabati la shule moja na kukuta roboti iliyokuwa fahari ya sherehe ya mahafali: betri zilivuja ndani ya kisanduku, vishikizo vya shaba vimegeuka kijani, na hakuna aliyejua programu yake ilihifadhiwa kwenye kompyuta ya nani. Wanafunzi wa kidato cha pili waliitazama kama kitu cha makumbusho. Inauma, kwa sababu kuzuia hasara ile kulihitaji kuzitoa betri na kuandika kurasa chache za daftari. Hakukuhitajika fedha.

Linganisha na michezo. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari ambayo Mwanza imewahi kuwa mwenyeji wake kitaifa, ina ngazi zinazojulikana kuanzia shuleni hadi taifa, ina kalenda, na mwalimu wa michezo anatambulika hata akibadilishwa. Jina lake kamili linataja michezo na taaluma pamoja, ingawa tunaifahamu zaidi kwa mpira na riadha. Kwa upande wa sayansi, maonyesho ya Young Scientists Tanzania yaliyoanzishwa mwaka 2011 kwa mfano wa Ireland yameonyesha kwamba wanafunzi wa shule za kawaida wanaweza kupanda na mradi wao hadi jukwaa la kitaifa. Roboti haina ngazi iliyo imara namna hiyo. Mashindano ya kimataifa ya roboti ya FIRST Global yaliyoanza Washington mwaka 2017 hualika timu moja kwa kila nchi, jambo ambalo ni heshima kwa taifa, lakini kwa mwanafunzi wa Sengerema au Ukerewe ni ghorofa isiyo na ngazi.

Wapo wanaodhani kwamba Marekani walishalimaliza tatizo hili, na hawako sahihi. Mvumbuzi wa Marekani Dean Kamen alianzisha FIRST, shirika la mashindano ya roboti kwa vijana, mwaka 1989 akitaka sayansi ipewe heshima inayopewa michezo, na shindano la kwanza likafanyika mwaka 1992. Hadi leo timu ya ngazi ya juu hulipa takribani dola 6,000 kwa usajili wa msimu, na hutegemea wafadhili pamoja na wahandisi wanaojitolea kulea wanafunzi. Shule iliyo mbali na viwanda huhangaika hata huko. Somo ninalolichukua ni hilo la walezi, kwa kuwa Mwanza hatuko maskini kwa upande huo. MV Mwanza, meli ya abiria 1,200, imejengwa hapa hapa ziwani. Kuna viwanda vya samaki vyenye mafundi wa mitambo ya ubaridi, kuna chuo cha ufundi cha VETA, kuna kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), na Bwiru Wavulana ni shule ya ufundi yenye karakana. Kinachokosekana mara nyingi ni barua ya mkuu wa shule ya kumwalika fundi mmoja kwa saa mbili, na utaratibu wa kumsimamia awapo na wanafunzi.

Hoja ya haki ndiyo ninayoiona kuwa ngumu zaidi kuijibu. Klabu ikikutana saa kumi jioni, msichana wa kutwa anayetegemea daladala hadi Kisesa au Buhongwa, na ambaye nyumbani anasubiriwa kuteka maji na kupika, ataacha baada ya wiki chache bila mtu kumfukuza. Watakaobaki ni wavulana wanaokaa karibu na wale wenye kompyuta nyumbani, kisha tutasema wasichana hawapendi roboti. Mkuu wa shule anayesema klabu inawanufaisha wachache anasema kweli, ila wachache hao wametengenezwa na ratiba. Klabu ikiingizwa ndani ya saa za shule na mlango ukawa wazi kwa kidato cha kwanza bila kuangalia nafasi ya mtu kwenye mtihani, hoja yake itapungua uzito. Itapungua zaidi ikiwa timu itadaiwa kurudi darasani na kuwaonyesha wenzao ile betri inayoshuka volti, na ikiwa miradi itatoka kwenye maisha yetu. Kitambua mvua kwa akina mama wanaoanika dagaa mwaloni, kwa mfano, ni kibao chenye njia mbili za shaba ambazo tone la maji huziunganisha. Hakigharimu kitu kikubwa, na mtoto wa Igombe anaelewa mara moja kinafaa nini.

Mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa Januari 2024 pamoja na mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, unawapa wakuu wa shule kisingizio kizuri cha kufanya hayo. Sitarajii kila shule iwe na timu, na shule isiyo na mwalimu wa Fizikia kabisa ina haki ya kusema bado. Lakini ile iliyokwisha kuanzisha klabu inapaswa kuiandika kwenye mpango wa shule, kumpunguzia mlezi vipindi viwili, kumteua msaidizi wake mapema na kuwataka wanafunzi waweke daftari la timu linaloonyesha kila hitilafu na ilivyotatuliwa. Wathibiti ubora wa shule wanapokuja kukagua maandalio ya masomo na shajara za walimu, waombe na daftari hilo.