Mbona Hamuulizi Ina Kilo Ngapi?

Kijana mmoja wa Kisumu alinipigia simu Jumanne saa nne usiku, saa ambayo simu ikilia unafikiria msiba. "Fundi, imevunja kisu cha tano." Nikakaa kitako kitandani. Cha tano! Nikamuuliza anakata nini. Shafti ya mashine ya posho, akasema, chuma cha kawaida tu, mfereji wa kii (kile kipande kinachofunga puli kwenye shafti). Kazi ya nusu saa. Nikamuuliza anaikatia kwa mashine gani, na hapo akachangamka: "Ile CNC mpya, omera! Meza ni milimita 600 kwa 900!" CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta.

Sasa naandika nikiwa na hasira, na si hasira ya kukasirikia kijana. Kwanza namkasirikia aliyemuuzia na kumwambia bila haya kwamba ile fremu ya alumini "inakata chuma". Pili natukasirikia sisi wenyewe, mafundi wa gereji za nyumbani. Kila picha ya mashine ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp swali ni lile lile: meza ni ngapi kwa ngapi? Jamani, ngapi kwa ngapi ni swali la ploti. Hata ng'ombe kabla hujamnunua unamkadiria kilo. Mashine ya kukata chuma, hakuna aliyewahi kuniuliza ina kilo ngapi.

Msimu wa mvua hapa Nakuru mitaro ikijaa, watu huweka ubao wa kuvukia. Ubao wa futi 4 unavuka na mtoto mgongoni bila wasiwasi. Tafuta wa unene ule ule lakini wa futi 8, uvuke: ukifika katikati unarukaruka kama uko kwenye godoro la springi. Hesabu yake haina huruma. Urefu ukiongezeka mara mbili, kupinda huongezeka mara nane. Mara nane, na aliyekanyaga ni wewe yule yule! Haya, rudi kwenye mashine. Mtu anatengeneza fremu ya 300, anataka kuuza ya 600, na mara nyingi anachofanya ni kurefusha reli na kurefusha bei. Unene hajaugusa. Wewe unauza ile ndogo, unaongezea pesa ya mahindi ya msimu mzima, unaleta nyumbani mashine dhaifu kuliko uliyokuwa nayo. Lakini meza ni kubwa, hongera.

Kisu chenyewe kinafuata sheria hiyo hiyo. Kikitokeza milimita 40 badala ya 20, kinapinda mara nane. Kisu kinachopinda hakikati, kinasugua. Kikisugua kinashika moto, halafu ghafla kinang'ata chuma kingi kuliko uwezo wake, na unasikia ule mlio ambao kijana wangu ameusikia mara tano.

Mimi nilianza na ile ndogo ya 3018, kama karibu kila mtu. Milimita 300 kwa 180, haifiki kilo 10, ukikohoa karibu nayo mstari unapinda. Ilinifaa kwa vibao vya majina na vipande vya alumini. Pesa ilipopatikana nikanunua miling (mashine ya kukatia chuma kwa kisu kinachozunguka) ya mtumba ya chuma cha kusubu, nikaifunga mota na skrubu za gololi za kusogeza meza mwenyewe. Meza yake inatembea milimita 480 kwa 175. Soma tena: 175. Upande mmoja nimepungukiwa na milimita 5 kuliko ile ya kuchezea, na bado ndiyo mashine kubwa zaidi niliyowahi kumiliki, kwa sababu ina kilo 300 na ushei.

Siku ilipofika kulikuwa na vijana sita, mabomba matatu ya kuiviringishia na winchi ya mnyororo ya kuazima. Gari langu hulala nje tangu siku hiyo. Mimi naishi London, hii London ya Nakuru, na mtaa wetu hauna siri. Waliposikia neno "mili" tu, kabla ya saa kumi mama jirani alikuwa langoni na debe la mahindi. "Baba mapacha, gorogoro unasaga kwa ngapi?" Nikamweleza kwa heshima kwamba hii ni ya kukata vyuma. Akaniangalia, akaiangalia, akasema kwa upole wa kumliwaza mgonjwa, "Kilo zote hizo, na haisagi?"

Kilo zote hizo, mama, ndizo kazi yenyewe. Jino la kisu likigonga chuma, chuma nacho kinarudisha kipigo, na lazima pawe na kitu cha kukipokea. Chuma cha kusubu kina chembe za grafiti ndani yake zinazoumeza mtetemo. Fremu ya alumini haimezi, inauimba upya. Ule mlio wa panya aliyebanwa na mlango, na yale mawimbi unayoyapapasa kwa kidole kwenye kazi iliyokwisha, ndiyo hayo.

Halafu kuna spindeli, ile mota inayozungusha kisu. Kijana alinisomea kibati chake kwa fahari: kilowati 2.2. Sawa, 2.2, kwa mizunguko 24,000 kwa dakika! Kisu cha HSS (chuma kigumu cha kutengenezea visu) cha milimita 10 kwenye chuma laini kinataka chini kidogo ya mizunguko 1,000. Ukiishusha spindeli ya namna hiyo hadi 2,400, nguvu imebaki sehemu ya kumi. Ukiifikisha 1,000, haiwezi hata kusonga ugali. Najua kuna atakayeniambia anunue visu vya kabaidi, vigumu kuliko HSS, maana vinaruhusu kasi zaidi. Ni kweli. Ila kabaidi ni kama kioo, haipendi kutikiswa, na mashine yenyewe inatetemeka kama matatu kwenye njia ya mawe.

Mafundi wa mbao, msinijie juu. Anayechonga milango na vitanda nakubaliana naye, shingo upande: yeye anunue meza. Bodi ya futi 8 kwa 4 ni milimita 2,440 kwa 1,220, na zile mashine za 1325, za meza ya milimita 1,300 kwa 2,500, zilitengenezwa kwa ajili yake. Mbao haigombani na mtu. Ila usije ukaniambia umenunua miling.

Stima je? Nyumbani tuna fezi moja ya volti 240, na VFD, kifaa cha kubadilisha umeme wa mota, itakutengenezea fezi tatu za kuzungusha mota ya kilowati 1.5, mradi kibati cha mota kisome 230/400 na uunge nyaya zake kwa mtindo wa delta. Programu? LinuxCNC, ya kuongozea mashine, ni ya bure. Watu hukesha wakibishania hayo mawili, kana kwamba ndiyo yanayovunja visu.

Kinachoniuma ni kwamba kijana huyu si mjinga. Amesomea ufundi na mkono wake ni mzuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Alitaka tu shafti za mashine za posho za Ahero na Muhoroni zisiwe zinapanda basi kwenda kutengenezwa Nairobi. Na pesa aliyonunulia ni mkopo wa chama cha mama yake, akina mama ambao sasa kila Jumapili wanamuuliza kazi inaendeleaje. Aliyemuuzia hapokei simu.

Jumamosi nashuka Kisumu. Nabeba kipimo changu cha sindano na shina lake la sumaku, ingawa nimekumbuka sasa hivi kwamba meza yake ni alumini, sumaku haitashika. Itabidi nilibane kwa klampu. Ncha itaigusa spindeli, halafu nitamwambia aisukume kwa mkono mmoja, taratibu, kama anayemsukuma mtoto kwenye bembea. Kwangu sindano inasogea mistari miwili, yaani sehemu mbili za mia za milimita. Yake tutaiona pamoja, sitaki kumwambia kwa simu. Tukimaliza tutakwenda soko la Kibuye kwa mafundi wa vitanda tumtafutie mnunuzi wa mashine, na huko kwa mara ya kwanza itakuwa halali kusema meza ni 600 kwa 900.