Maandishi ya Surak: yaliwakomboa Wavulcan au yaliwafunga upya?

Swali lilizuka Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye chumba cha kupanga cha kijana mmoja niliyewahi kumfundisha. Tulikuwa wanne, laptopu juu ya ndoo iliyofunikwa, tukiangalia sehemu tatu za Star Trek: Enterprise, tamthilia ya safari za anga, zilizotoka mwishoni mwa mwaka 2004. Kijana akasimamisha video. "Mwalimu, hawa si ndio wanaojisifu kwa mantiki? Mbona wanasubiri maandishi ya marehemu ndipo waache vita?"

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na naona kila upande una haki yake.

Kwa asiyeifuata hadithi hii: Vulcan ni sayari ambayo watu wake zamani walikaribia kumalizana kwa vita. Akatokea mwanafalsafa aitwaye Surak, akawafundisha kuzitawala hisia na kufuata mantiki. Kundi lililokataa liliondoka, na vizazi vyake ndio Waromulan. Miaka kama 1,800 baadaye, mwaka 2154 wa hadithi, Vulcan inaongozwa na Kamandi Kuu chini ya V'Las. Ubalozi wa Dunia unalipuliwa, lawama wanabebeshwa Wasyrrannite, kikundi kidogo kinachoamini kwamba mafundisho ya Surak yamepotoshwa. Wakati huohuo V'Las anaandaa mashambulizi dhidi ya Waandoria, watu wa sayari nyingine. Ndipo jangwani linapopatikana Kir'Shara, jiwe lenye umbo la piramidi lililohifadhi maandishi ya Surak mwenyewe. Likiamshwa, maandishi yanatokea hewani kama nuru.

Upande wa kwanza una nguvu, na mimi nauelewa vizuri kwa sababu nimekaa kwenye vikao vingi vya ukoo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mafundisho nayo ni mali. Kamandi Kuu haikumkana Surak hata siku moja. Ilimtaja kila ilipofungua mdomo, na kwa jina lake iliwabagua waliounganisha akili zao na za wenzao, ikiuita uchafu. Nani angebisha, wakati tafsiri ilikuwa mikononi mwa haohao wenye meli za kivita? Kir'Shara liliwanyang'anya ukiritimba huo. Mtu wa kawaida aliweza kusema: hapa pameandikwa hivi, ninyi mlituambia vile.

Sasa upande wa yule kijana. Surak alifundisha kupima hoja. Anayeacha vita kwa kuwa Surak kaandika, na anayepigana kwa kuwa Kamandi imeagiza, wote wawili wamewaachia wengine kazi ya kufikiri. Tena kesho atatokea V'Las mwingine, msomi zaidi, mwenye Kir'Shara lenyewe mkononi, akionyesha mstari na aya. Maandishi ya asili hayajisomi yenyewe. Tofauti ni kwamba mpotoshaji wa leo alitegemea kutokuwepo kwa maandishi, na wa kesho atayategemea kuwepo kwake. Hoja hii inaniumiza kichwa kuliko ile ya kwanza, na sidhani inajibika kwa kusema tu kwamba maandishi yalikuwa ya kweli.

Kinachonisaidia ni Kuvak. Huyu ni mjumbe wa Kamandi Kuu, na kamera haimtilii maanani sana. Tangu kabla Archer, nahodha wa meli ya Dunia, hajaingia ukumbini na jiwe, Kuvak alikuwa amekwisha kupinga shambulio mbele ya V'Las. Hoja alikuwa nayo, ila alikuwa peke yake. Nuru ya Kir'Shara ilipowaka, V'Las akalirukia, na ni Kuvak aliyempiga risasi ya kuzimisha. Maandishi hayakumfundisha kufikiri. Yalimpa mahali pa kusimama. Nadhani hapo ndipo kijana wangu alipokosea kidogo: alidhani wanaosubiri maandishi hawana fikra, kumbe wengine wanazo tele, wamekosa ushahidi wa kuzitetea mbele ya mwenye nguvu.

Hata hivyo, simwachii Surak ushindi wote. Nikifikiria athari ya kudumu, mawazo yananipeleka Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa. Michoro ya miambani ya huko iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na mapango yake yanazidi 150. Ukisimama mbele ya ukuta unaona watu wembamba wekundu, vichwa vimechorwa vikubwa, na juu yao alama nyeupe nzito za watu waliokuja baadaye. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951. Baadhi ya watafiti wameihusisha na ngoma ya simbo ya Wasandawe, wengine hawakubali. Hakuna Archer atakayebonyeza mahali maana ikatoka kama nuru.

Lakini Mungomi wa Kolo bado ni mahali pa tambiko. Watu wamekwenda kuomba mvua pale, na pombe waliyoimwaga imewasikitisha wahifadhi kwa sababu inadhuru rangi. Mmoja anaulinda mchoro usiguswe, mwingine anauona mwamba uko hai kwa sababu unaguswa. Ushawishi umedumu bila mtu kuwa na ufunguo wa michoro. Wasyrrannite nao waliishi hivyo muda mrefu: jiwe hawakuwa nalo, walikuwa na katra, yaani roho na fikra za Surak, iliyopokezwa kutoka mtu hadi mtu mpaka ikafika kwa Syrran, kiongozi wao. Yeye alipokufa jangwani ikaingia kwa Archer, mgeni kabisa kutoka Dunia. Bila mnyororo ule wa watu, jiwe lingebaki kifusini.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua, nachagua maandishi, kwa sharti moja: yasomwe na kila mtu, yasirudi kwenye sanduku la wakubwa. V'Las mwenyewe aliachwa huru, na sehemu ile inaisha yuko faragha na Mromulan, mshirika wake wa siri. Jiwe halikufika kwa Waromulan. Lakini kwenye sehemu mbili za mwaka 1991 za tamthilia nyingine, Star Trek: The Next Generation, ambazo kihadithi ziko zaidi ya miaka 200 mbele, Spock, Mvulcan mashuhuri, anakwenda kwao kwa siri, na mtoto aitwaye D'Tan anamletea vibao vya kuchezea vya zamani. Juu yake kuna silabi za Kivulcan. Alivichezea alipokuwa mdogo, na Spock anavitambua mara moja, kwa maana naye alikuwa na vya namna hiyo utotoni.