Falsafa inayokufaa, au inayokukanya?

Mwombe mtu mwenye pupa akutajie methali. Atakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mpole atakujibu kwamba haraka haraka haina baraka. Lugha moja imewapa hoja wote wawili, na kila mmoja anaapa kwamba amechota kwenye hekima ya wahenga, kumbe amechota kwenye hulka yake.

Madodoso yanayozunguka kwenye simu yanasimama juu ya wazo hilohilo: jibu maswali kumi, uambiwe falsafa yako: wewe ni Mstoiko, mtulivu asiyeyumbishwa na mambo; Mwepikureo, mfuasi wa Epicurus, Mgiriki wa kale aliyefundisha kutafuta raha; au mfuasi wa Sartre, Mfaransa aliyesema mtu hujitengenezea mwenyewe maana ya maisha yake. Ni mchezo, lakini wazo lenyewe si la kuchekwa. Mwaka 1907 mwanafalsafa Mmarekani William James aliandika kwamba historia ya falsafa, kwa sehemu kubwa, ni mgongano wa hulka. Wako wenye moyo laini, wanaotaka ulimwengu uwe na mpango na kanuni; wako wenye moyo mgumu, wasioamini ila kinachoshikika. Hoja za mantiki huja baadaye. Tena, alisema James, mijadala ya wanafalsafa ina unafiki kidogo, kwa sababu kile kinachowasukuma zaidi hakitajwi kamwe.

Nakubaliana naye. Ila kujua kwamba hulka inatusukuma ni jambo moja, kuiachia ichague ni jingine.

Kwanza, hatujijui kiasi tunachodhani. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwafanyia wanafunzi wake 39 jaribio la haiba, kisha akampa kila mmoja maelezo “yake”. Waliyapa usahihi wa wastani wa takriban 4.3 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha unajimu. Ukiambiwa kwamba unapenda utulivu ila wakati mwingine unajiuliza maana ya maisha, utakataa vipi?

Pili, wanafalsafa wenyewe hawakai kwenye visanduku hivyo. Msomaji wa Matendo ya Mitume anawakumbuka Waepikureo na Wastoiko waliokutana na Paulo kule Athene. Dodoso humpeleka kwa Epicurus kila anayekiri kupenda raha. Lakini raha ya Epicurus ilikuwa kutoumwa mwili na kutosumbuka moyo. Mkate na maji vilimtosha. Mpenda pilau na shamrashamra atakuwa amebisha hodi nyumba siyo.

Wastoiko nao wanatatiza zaidi. Epictetus aliwahi kuwa mtumwa, na alikuwa kilema wa mguu. Marcus Aurelius alitawala dola nzima ya Kirumi, mwaka 161 hadi 180. Falsafa moja iliwatosha wote wawili. Na ukisoma maandishi ambayo Marcus alijiandikia mwenyewe, huoni mtu aliyezaliwa mtulivu. Unaona mtu anayebembelezana na nafsi yake iamke asubuhi, anayejikumbusha tena na tena asikasirike. Aliishika falsafa hiyo kwa sababu ilimkanya.

Je, basi kila mtu atafute falsafa inayompinga? Hapo nasita. Nguo ya kuazima haisitiri maungo: mcheshi anayejilazimisha kuwa jiwe huishia kuwa mwigizaji tu. Lakini yupo pia yule aliyezoea kumeza machungu tangu utotoni. Dodoso litampa Ustoiko bila kusita, naye atapata kibali cha kuendelea kunyamaza pale anapopaswa kusema. Kwake yeye, falsafa kufanana na hulka yake ndiko hatari.

Njia ya mwanafalsafa Mkenya Henry Odera Oruka inanivutia zaidi. Alikwenda vijijini kuzungumza na wazee wenye busara, akawatofautisha: wapo wanaosimulia vizuri hekima ya jamii yao, na wapo wanaoipima, pengine hata kuikataa kwa hoja. Hakuridhika na kujua mzee anaamini nini. Alimdadisi kwa nini. Dodoso la kuteua A au B haliwezi kukufikisha huko.

Mimi nami nililijaribu moja. Nikatoka Mstoiko kamili, nikafurahi, nikamsomea mke wangu matokeo. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Yeye ndiye anayekaa kiti cha pembeni yangu kwenye foleni ya magari.