Hizi dawa za kulainisha macho tunazichukulia poa mno

Kuna dawa watu wanaziheshimu na kuna dawa watu wanazichukulia poa, na matone ya kulainisha macho yako hilo kundi la pili, tena mkiani kabisa. Antibayotiki mtu atauliza nimeze vingapi, kabla ya kula au baada, lakini kichupa cha matone ananunua, boksi na karatasi ya maelezo vinatupwa hapo hapo, kichupa kinaenda kukaa kwenye pochi au kwenye dashibodi ya gari na jua lote lile, miezi inapita, macho yakiwasha anadondoshea, mke akisema na yeye yanamuwasha anapewa, mtoto naye anapewa. Ukiuliza unajibiwa "aah si machozi bandia tu hayo, yana madhara gani?"

Sawa, yenyewe hayana makubwa, na mi siyapingi, nayatumia na yananisaidia. Ila kwa maoni yangu hatari ya haya matone haiko sana kwenye kilichomo ndani, iko kwenye kichupa na kwenye mkono unaokishika. Hapo ndo watu wengi hawaangalii.

Anayebisha akumbuke kilichotokea Marekani 2023. Machozi bandia, yale yale ya kununua bila cheti cha daktari, yalihusishwa na mlipuko wa bakteria anaitwa Pseudomonas aeruginosa, tena wa aina sugu ambayo dawa nyingi haisikii. CDC, yaani kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, wakahesabu wagonjwa 81 kwenye majimbo 18, watu 14 walipoteza uwezo wa kuona, wanne wakaondolewa jicho kabisa, na wanne wakafariki. Kwa matone ya macho jamani! FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ikawaambia watu waache kuyatumia na bidhaa ikarudishwa. Pale mtumiaji wa kawaida hakuwa na kosa wala namna ya kujua, lakini ngoja nikwambie kitu kimoja kuhusu vile vichupa, vilikuwa vya kutumia mara nyingi na havikuwa na kihifadhi, yaani ile kemikali inayowekwa kuua vijidudu vinavyoingia ukishafungua.

Na hicho kihifadhi chenyewe kina mambo yake. Kinachotumika zaidi kinaitwa benzalkoniamu kloraidi, kinafanya kazi yake vizuri tu ya kulinda dawa, lakini ukikiweka machoni mara nyingi kwa siku kinaanza kukereketa lile tabaka la juu la jicho, kwa hiyo unajikuta unaweka matone kwa sababu macho yanawasha na macho yanawasha kwa sababu ya matone. Ndo maana wataalamu wanasema kama unatumia zaidi ya mara 4 kwa siku tafuta yasiyo na kihifadhi. Hayo mengi yanakuja kwenye vile vidude vidogo vya plastiki vya kukata kichwa, matumizi ya mara moja, basi. Najua inauma kutupa kitu kimebaki nusu, na watu wanakifunika na kipande cha karatasi wanakiweka kesho, lakini humo ndani hakuna kitu kinachozuia bakteria kuzaliana, we fikiria tu.

Kwa vichupa vya kawaida, tarehe iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kichupa kilichofungwa. Ukishafungua hesabu inaanza upya, na vingi vinatakiwa vitupwe baada ya siku 28, vingine vina muda wake tofauti umeandikwa kwenye maelezo (yale tuliyoyatupa). Chukua kalamu uandike tarehe ya kufungua juu ya kichupa, siku hiyo hiyo.

Sasa namna ya kuweka, maana hapa ndo kuna vituko. Angalia mtu anavyojiwekea, anainua kichwa, mdomo wazi, anakisogeza kichupa mpaka ncha inagusa nywele za kope kabisa ndo anaminya, anaogopa lisidondokee shavuni. Ile ncha ikishagusa kope imebeba uchafu, na ukiachia kuminya kichupa kinavuta pumzi ndani, na uchafu nao unaweza kuingia. Kuanzia hapo kila tone linatoka humo. Nawa mikono kwanza, vuta kope ya chini taratibu ili pawe na kimfuko, angalia juu, ncha ikae juu kidogo bila kugusa kitu, tone moja, fumba. Fumba tu, usikamue macho kama umekula limao. Kaa hivyo dakika moja au mbili huku umebonyeza kona ya ndani karibu na pua, pale kuna kitundu kinachopeleka machozi puani, ukikiziba dawa inakaa jichoni badala ya kushuka kooni. Kama mkono unatetemeka lala chali au mwambie mtu akuwekee, hakuna aibu.

Halafu tone moja linatosha kweli. Tone la kawaida lina kama maikrolita 50 na jicho linaweza kushika karibu 30 tu, kwa hiyo hata hilo moja linamwagika, matatu unayoongeza unaosha shavu. Kama una dawa nyingine ya macho uliyoandikiwa subiri angalau dakika 5 katikati, geli au dawa ya tyubu inakuja mwisho. Ile ya tyubu weka usiku wakati wa kulala, inatia ukungu machoni, usiiweke halafu ukashika usukani. Wanaovaa lenzi za kubandika jichoni, vua kwanza kama matone yana kihifadhi, subiri kama dakika 15 ndo uzirudishe.

Kingine kinachonikera ni watu kuchukulia kila kichupa cha macho ni kile kile. Kuna matone ya kuondoa wekundu, haya yanabana mishipa ya damu, jicho linakuwa jeupe ndani ya dakika chache na unajiona umepona, ila hayalainishi kitu, na ukiyazoea siku unayoacha wekundu unarudi kwa kasi. Halafu kuna yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu, mara nyingi imechanganywa na antibayotiki, hayo ndo ya kuogopa haswa. Yanatuliza muwasho vizuri sana, mtu anayapenda, anaendelea nayo miezi bila daktari, kumbe presha ya jicho inapanda bila maumivu yoyote, na mtoto wa jicho anaweza kuota humo humo. Kwa hiyo ukienda famasia usiseme tu "nipe dawa ya macho", sema nataka ya kulainisha macho makavu, isiyo na steroidi na isiyo ya kuondoa wekundu, kisha soma mwenyewe kabla hujatoka. Na nyumbani usiiweke karibu na supagluu, vichupa vinafanana na watu wamejidondoshea gundi machoni, si utani.

Wengine wananiambia "mi macho yangu hayajakauka, yanatoa machozi muda wote." Hiyo nayo inaweza kuwa ukavu. Jicho likikereketwa linamwaga machozi ya dharura, mepesi, hayana mafuta ya kuyashikilia, yanatiririka na jicho linabaki vile vile. Na chanzo mara nyingi kiko mkononi, simu. Kwa kawaida tunapepesa kama mara 15 kwa dakika, ukikodolea skrini inashuka sana, ongeza feni au AC inayokupuliza usoni, ongeza vidonge vya mzio ambavyo navyo vinakausha, halafu unashangaa. Geuza feni basi, hiyo haihitaji hata famasia. Kitambaa safi cha vuguvugu juu ya macho yaliyofumbwa dakika 5 hadi 10 nacho kinasaidia, kinalainisha yale mafuta ya kwenye kope yaliyoganda.

Kuna hali ambazo matone hayana kazi yake kabisa. Maumivu makali, kuona kumepungua, mwanga unachoma, usaha, jicho moja jekundu hasa kwa anayevaa lenzi, hapo weka kichupa chini uende kwa daktari wa macho leo. Na kama wiki zimepita unaweka na bado ni vile vile, nenda pia, maana macho makavu yanaweza kuambatana na baridi yabisi, matatizo ya tezi shingoni au ugonjwa wa Sjögren ambao unakausha mpaka mdomo. Ukienda beba vichupa vyote unavyotumia, hata vile vya kupewa na jirani, na umwambie unaweka mara ngapi kwa siku.